Shati la Fundi

Kwanza nimtetee mama mdogo, maana watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kumwita mwongo. Yeye hakuutafuta uongo. Uongo ulimkuta kazini, ukavuta kigoda, ukakaa.

Karakana yake inatazamana na mlango wa nyumba yetu. Ni chumba kimoja na baraza, na hapo barazani makochi ya watu hupanga foleni kama wagonjwa: hili sponji imetoka nje kama utumbo, lile limevunjika mguu, jingine limezama katikati kwa uzito wa baba mwenye nyumba. Ndani kuna cherehani, meza ndefu ya kukatia vitambaa, nyundo zilizoning'inizwa ukutani na debe la misumari. Zamani palikuwa pa mzee mmoja, fundi makochi, na mama mdogo aliajiriwa kumshonea mifuko ya mito tu. Lakini macho hayana pazia. Alikuwa akimtazama mzee anavyofunga springi na anavyovuta mikanda mpaka ukiipiga kidole inalia. Siku moja mzee akampa nyundo, kwa utani, akaona mkono umekubali. Mzee alipochoka na kazi alirudi kwao, akamwachia chumba, vifaa na baraka zake.

Mteja wa kwanza baada ya hapo alifika akiwa na kochi kwenye mkokoteni.

"Fundi yuko wapi?"

Mama mdogo alikuwa na misumari mdomoni. Mafundi makochi huiweka huko ili mikono ibaki na nafasi. Akaitemea kiganjani ili aseme "ni mimi," lakini mteja alikwisha kuchungulia nyuma ya bega lake, kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtoto na sasa anawatafuta wakubwa.

"Ametoka kidogo," mama mdogo akajikuta anasema. "Liache tu."

Kochi likaachwa. Mteja aliporudi kulichukua alilikalia, akainuka, akalikalia tena. "Mwambie Fundi ana mkono!"

"Salamu zitafika," akajibu mama mdogo.

Basi. Hivyo ndivyo Fundi alivyozaliwa, na alikua haraka kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu. Mara mgongo unamsumbua, ndiyo maana hatoki nje. Mara amekwenda kununua mbao. Mara amejilaza kule nyuma ya pazia, jamani msimwamshe. Watu wakamletea soda, ikanywewa. Muuza vitambaa wa pale kona akauliza kama ameoa, kwa sababu yeye ana mdogo wake mwenye tabia njema.

"Ameoa," mama mdogo akasema haraka, "na mke wake ana wivu, usiombe."

Mteja mmoja alileta hata shati. Lilikuwa jipya, la buluu, lenye mifuko miwili kifuani, bado limekunjwa ndani ya nailoni. Fundi alikuwa amemwokoa, alisema. Wageni wa posa walikuwa wanakuja na hakuwa na pa kuwakalisha. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya rafu, likakaa huko. Nilimuuliza kwa nini halivai na linamtosha kabisa.

"Si langu. La Fundi."

Damu ilinichemka. "Mama mdogo! Wewe ndiye unayeumwa mgongo! Yeye hayupo, na bado sifa anachukua yeye, soda yeye, shati yeye!"

"Punguza sauti, mwanangu," akasema huku akikata uzi kwa meno. "Amelala."

Nilidhani ni woga tu, mpaka siku niliyomsikia akipatana na mteja.

"Dada, nipunguzie basi. Sisi si wageni."

"Mimi? Mimi ningekupunguzia sasa hivi. Lakini Fundi unamjua. Akishasema bei, amesema."

Mteja akapumua kwa nguvu, akalipa yote, akaenda zake bila kinyongo. Mama mdogo akanigeukia. "Umeona? Nikisema hapana mimi, nina roho mbaya, najivuna, nimesahau nilikotoka. Akisema hapana yeye, anajua thamani ya kazi yake. Sasa nimfukuze, halafu nani atanisemea hapana?"

"Utasema wewe!"

"Kwa mdomo upi? Huu wenye misumari?" Akacheka, akarudi kwenye kochi lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza kina mama wanaofanya biashara, na nawaambieni, Fundi yuko kila mahali. Kuna mwenye saluni anayesema "ngoja nimuulize mwenye duka," na mwenye duka ni yeye. Kuna mwenye mashine ya kusaga anayesema "mzee hataki mkopo," na mzee huyo ni marehemu. Wanawake wenye akili kama wembe wamejitengenezea wanaume wa hewani wawalinde na watu wanaoona hapana ya mwanamke kuwa tusi. Siwalaumu hata kidogo. Ninawaonea hasira hao waliofanya ukuta huo uhitajike. Lakini ukuta unaokukinga na upepo hukuzuia pia usionekane, na siku ya kuonekana ilikuwa inakuja.

Ilikuja na Mama Ukumbi. Huyu ndiye mwenye ule ukumbi mkubwa wa harusi na mikutano, mwanamke mzima wa miwani na mkoba anaoukumbatia hata akiwa amekaa. Kochi la sebuleni kwake lilipita mikononi mwa Fundi, akalipenda. Sasa alitaka viti vyote vya ukumbi vivuliwe vitambaa na kuvishwa upya, na alikuja na kimoja cha mfano. Mama mdogo alimtajia bei. Mama Ukumbi akaibonyeza sponji mpya aliyoonyeshwa kwa kidole gumba, kama anayechagua parachichi.

"Jumamosi nitakuja nizungumze na Fundi mwenyewe," akasema. "Kazi kubwa namna hii siagizi kwa mjumbe."

Hapo pana jambo la kuelewa. Chumba kinachofuata karakana kilikuwa kimeachwa wazi, na mwenye nyumba alikuwa amemshikia mama mdogo mpaka mwisho wa mwezi. Akiipata kazi ya ukumbi, chumba ni chake, na makochi ya watu hayatalala tena barazani yakiomba mvua isinyeshe. Akiikosa, anaingia muuza magodoro. Alikuwa amekitamani chumba kile kwa muda mrefu, hata alikuwa ameshachagua ukuta wa kutundikia nyundo.

Jioni alikuja kwetu, akamwambia mama yangu, "Dada, nahitaji mwanamume."

"Hatimaye!" mama akasema.

"Wa Jumamosi tu."

Wakamchagua mjomba, ndugu yao, anayeuza matairi kuukuu. Mimi nilipinga mpaka sauti ikakauka. Nilisema huu ndio wakati wa ukweli.

"Ukweli nitausema Jumapili," mama mdogo akanijibu. "Jumamosi nataka viti." Kisha akamgeukia mjomba. "Kaka, ukiulizwa kitu, sema 'tutaona.' Basi. Usiongeze neno."

"Unanijua mimi," mjomba akasema. "Mtu wa maneno machache."

Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi mjomba akavishwa shati la Fundi. Mabega yaliingia, mikono ikaingia, tumbo likakataa.

"Vuta pumzi," mama mdogo akamwamuru.

"Nikiivuta nitaiachia wapi?"

Kwa kusukumana wakakifunga kifungo cha katikati, ambacho kilikaa pale kimekodoa kama jicho. Mjomba akachomeka penseli sikioni. Mama mdogo akaenda kukaa kwenye cherehani. Mimi nikajifanya napanga makochi barazani, na Mama Ukumbi akafika na mkoba wake, akapewa kigoda.

"Shikamoo mama," mjomba akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiye! Ndiye mwenyewe, yule unayemsikia!"

Cherehani ikaanza kulia kwa kasi. Haikuwa na kitambaa.

"Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo upi?" Mama mdogo akakohoa. "Aa, huu mgongo! Mbaya, mama. Ukipona huu unaanza mwingine."

Mama Ukumbi akamtazama juu ya miwani, kisha akakishika kile kiti cha mfano. "Hii sponji ya zamani mnaitupa? Naona kama bado inafaa."

Tutaona, nikamwombea kimoyomoyo. Sema tutaona.

"Inafaa sana!" mjomba akasema. "Tunaigeuza tu upande wa pili, kama tairi. Itadumu kuliko ndoa zote zitakazofungwa ukumbini kwako."

"Na bei? Huyu dada alinitajia bei ndefu."

"Ah, bei! Wewe ni mama yetu. Toa nusu tu, yaishe."

Cherehani ikanyamaza. Mama mdogo alikuwa amesimama, na uso wake sikuwahi kuuona vile. Mtu anaweza kuvumilia kuibiwa sifa mwaka hadi mwaka. Lakini kuona kazi yake inaharibiwa mbele ya macho yake, kwa jina la yuleyule aliyemtunga ailinde!

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" Mama Ukumbi akauliza.

"Sponji hiyo haigeuzwi. Imeshakufa, na maiti ukimgeuza hafufuki. Na nusu haipo. Bei ni ile niliyokutajia."

"Dada, ngoja kwanza. Fundi mwenyewe amesema..."

"Huyu? Huyu anauza matairi." Akamkazia macho ndugu yake. "Kaka, vua shati langu."

Langu! Nilishika mgongo wa kochi nisipige makofi. Mjomba hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivuta pumzi ili afungue, na kifungo cha katikati kikaruka, kikatumbukia kwenye debe la misumari. Akabaki na fulana, jasho linamtiririka. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa nakaribia kuzimia."

Mama Ukumbi hakucheka. Aliukumbatia mkoba wake, akainuka. "Kwa hiyo mmenidanganya! Mimi nimewaleta watu hapa, nawaambia nendeni kwa Fundi!"

"Nilikudanganya kuhusu mtu, mama, na kwa hilo naomba radhi. Kuhusu viti sijakudanganya. Kochi la sebuleni kwako limetoka katika mikono hii. Niliogopa usingeniachia."

"Ningekuachia!" Mama Ukumbi akafika mlangoni, akasimama hapo akitazama barabarani. Alipogeuka, sauti ilikuwa imeshuka. "Hapana. Nisingekuachia." Akarudi, akakaa. "Haya. Nionyeshe."

Mama mdogo alilivaa shati juu ya gauni, akakunja mikono yake mpaka kwenye viwiko, akajaza misumari mdomoni. Alikipindua kiti cha mfano, akang'oa misumari ya zamani kwa bisibisi na koleo, akakivua kitambaa bila kukichana. Alikata sponji mpya kwa kisu kimoja kirefu, kutoka kona hadi kona, bila kupima mara mbili. Mama Ukumbi aliuliza hiki ni nini, na kile cha nini, akajibiwa "mm" na "mm-mm" kwa sababu ya ile misumari. Mjomba akajibu badala yake, vibaya, mpaka nikamtoa nje. Kitambaa kipya kilivutwa, kikakunjwa pembeni kama bahasha, nyundo ikalia tak tak tak, na kiti kikasimama kama kimetoka kiwandani.

Mama Ukumbi alikikalia. Akainuka. Akakikalia tena.

"Sasa," akasema polepole, "kwa kuwa ulinidanganya, utanipunguzia."

Mama mdogo aliitemea misumari kiganjani. Nikaona macho yake yanakwenda kule nyuma, kwenye pazia, alikokuwa akilala Fundi. Mazoea yana taabu. Midomo yake ilikwisha kuanza kuumba jina la mtu yule. Kisha macho yakarudi.

"Hapana, mama. Sipunguzi."

Hakutoa sababu wala hakutaja mume, bosi au mgongo. Na dari haikuanguka. Mama Ukumbi alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Ana roho ngumu huyu." Kisha, akifungua mkoba: "Anza na safu ya mbele. Nikiridhika, utachukua vyote."

Aliridhika, ingawa alikuja kukalia kiti kimoja kimoja, na kila kimoja mara mbili. Kabla mwezi haujaisha nyundo zilihamia kwenye ukuta uliokuwa umechaguliwa, na muuza magodoro akatafuta kwingine. Wako wateja wawili watatu waliokimbia, wakisema walimzoea Fundi. Muuza vitambaa ndiye aliyeumia zaidi. "Na mdogo wangu sasa," alilalamika, "ataolewa na nani?"

Kwa hiyo, dada yangu uliye na biashara yako, kama unaye Fundi wako nyuma ya pazia, sikuambii umfukuze leo. Unayo sababu ya kumweka. Lakini msikilize vizuri. Siku akianza kugawa jasho lako kwa nusu bei, simama umvue shati.

Ukipita kwa mama mdogo utamkuta amelivaa. Kifungo cha katikati hakikuonekana tena ndani ya lile debe, kwa hiyo alishona cha kochi, kile kikubwa cha duara kilichovikwa kitambaa, chekundu kama viti vya ukumbi. Wageni bado huja na kuuliza Fundi yuko wapi. Kama ana misumari mdomoni hahangaiki kuitema. Anakigusa kile kifungo kwa ncha ya nyundo, anakuonyesha pa kuliweka kochi lako.