Fundi Aliyeupimia Mto Abakosti

Msimu ule mto Lualaba ulipofurika hadi kwenye mashamba ya mpunga, Mwanahamisi alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mwenye maneno mengi hata bibi yake akasema siku atakapokufa, ulimi wake utazikwa kesho yake. Alipoolewa mjini Kindu, Zaire, alikaanga vitumbua karibu na gati na kuwatania wateja kutwa.

Mwaka wa 1974, mkuu wa mtaa, mtu wa chama aliyependa sana karatasi, aliwakusanya raia baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi.

"Sitwayeni, raia wote! Sheria imekuja. Mwenye kuona muntu hatarini, hata aliyechanganyikiwa akili, asipomutafutia musaada, jela njo inamungoja!"

Jumatatu, Matata, fundi cherehani aliyekuwa hajapata usingizi kwa siku sita, aliingia mtoni na utepe wake wa kupimia.

"Fundi, unafanya nini humo?" mvuvi mmoja alimwuliza.

"Ninaupimia mto abakosti! Wakubwa wanakuja, nao uko uchi!"

Abakosti ndilo koti walilovaa wakubwa wote wa zama zile. Lakini hakuna aliyecheka. Wavuvi, wachuuzi na makarani waliikumbuka jela, wakakimbilia hospitali wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka jina lake liandikwe kabla ya la mwenzake. Mwanahamisi aliepua karai la mafuta, akageuka, akajikuta peke yake. Maji yalikuwa yamemfika Matata kiunoni.

Asipokwenda, atafungwa. Akienda, fundi atazama.

"Baba fundi!" akaita. "Tangu lini koti linaanziwa kiunoni? Mabega je?"

Matata akasimama. "Mabega ya mto iko wapi?"

"Huku ukingoni! Kuja, nitakushikia utepe."

"Wewe wa vitumbua, unajua kushona?"

"Sijui. Njo maana nakuita."

Akaja. Walipima ukingo hatua kwa hatua, na kila walipokaribia kumaliza, Mwanahamisi alikosea hesabu makusudi ili waanze upya. Walianza upya mara saba.

Mama Kavugho, muuguzi, alichelewa kwa sababu watu arobaini waliuziba mlango wake wakidai kuandikwa. Alimkuta Matata ameketi, anakula kitumbua. Alimshika mkono taratibu, akaondoka naye. Baada ya wiki tano za dawa na usingizi, fundi alirudi kwenye cherehani yake.

Lakini Jumatatu ile ile, mkuu wa mtaa alifika gatini na orodha ya waliokimbilia hospitali.

"Mama, jina lako haliko. Uliita nani?"

"Nilimwita Matata mwenyewe."

"Yule si musaada, njo mugonjwa!"

"Na hawa arobaini wako, mukubwa, nani alibaki ili musaada ukute muntu?"

Mkuu alikwenda kumshtaki kwa muuguzi. Mama Kavugho alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwandike," alisema, "ama mimi nitaandika kwamba njia ya hospitali ilizibwa na orodha yako."

Akaandikwa.

Kitendo cha mwisho cha Mwanahamisi tunachokijua ni cha mwezi wa nane, 1983. Alimkuta mke wa karani mmoja ameketi juu ya reli ya treni, analia, hataki kuondoka. Alimtuma mpita njia mmoja hospitali, akaketi kando ya yule mama, akazungumza naye mpaka machela ilipofika.