Mwenye Nyumba wa Mazwi

Dalali aliyetupangisha nyumba Mazwi alijiita mwenye nyumba. Mke wangu alipolalamikia bati linalovuja, alitufukuza mvua ikinyesha, godoro letu likaloa barabarani. Niliapa atanikoma. Nikaulizia kwa majirani mpaka nikampata mwenye nyumba hasa, bibi mjane anayelima maharage Kasense.

“Shikamoo bibi. Mimi nilikuwa mpangaji wako kule Mazwi.”

“Marahaba. Mpangaji? Mbona dalali ananiambia nyumba haina mtu mwaka wa pili huu?”

Nikampakia kwenye pikipiki yangu. Tulimkuta dalali akiwaonyesha wapangaji wapya vyumba.

“Hii nyumba ya nani?” bibi akamuuliza.

Bibi akamnyang'anya funguo mbele yao. Nilicheka kwa nguvu makusudi anisikie, na mpaka leo sijutii.