Buti Zilizompita Mama Edelmira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua limeshachomoza na upepo haujaanza matusi yake. Edelmira Oyarzo, mwenye miaka hamsini na nane, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mikono imezama hadi viwiko katika beseni la maji ya moto yenye chumvi. Anasugua buti za mgeni, na anaimba.

"Mwezi mzima hatujamsikia akiimba," ananinong'oneza Baldo Huenchur, anayewaongoza wageni mtoni. Kisha anapaza sauti: "Mama, na mimi utaniogesha leo?"

"Wewe? Gunia zima la chumvi halikutoshi. Toka mlangoni, unanichafulia!"

Nyumba hii ya wageni ipo kando ya mto Coirones, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini Río Grande, huku kusini kabisa mwa dunia. Wageni hufuata trauti, samaki wanaokwenda baharini kula na kurudi mtoni wamenona. Huwavua kwa ndoana iliyofungwa manyoya, huwapiga picha, huwarudisha majini. Anacholipa mgeni mmoja kwa wiki kinazidi mshahara wa Edelmira wa msimu mzima. Hilo halimsumbui sana. Kinachomsumbua ni buti chafu.

Buti ndizo zinazobeba mwani ambao huku tunauita kamasi la mawe. Ukishaingia mtoni hautoki tena. Unafunika mawe yote, na mto unabaki kuwa aibu ya wenyewe. Ndiyo maana buti zenye soli za sufu hulowekwa dakika arobaini, mgeni apende asipende. Ukutani kushoto hutundikwa zisizooshwa, kulia zilizooshwa. Kwa misimu ishirini na miwili Edelmira hakuwahi kuzichanganya.

Tarehe kumi na moja Januari upepo ulikufa kabisa. Huku kwetu upepo ukifa, watu wazima hukimbilia mtoni kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Edelmira alikuwa akifagia chini ya ukuta wa kushoto. Akazihamishia kulia buti za mgeni aliyefika jana yake kutoka mto wenye mwani.

"Nikasema nafagia mara moja, kisha nazirudisha," anasimulia. "Mpishi akaniita nikamsaidie kukaanga maandazi. Narudi, naona ukuta mtupu! Nikatoka mbio na unga mikononi. Gari lilishapotelea vumbini, na huko mtoni simu haishiki."

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, na wala nisingemlaumu sana. Jioni mgeni alirudi anacheka, amepata trauti wa kilo nane, watu wanampongeza. Edelmira akamfuata mwenye nyumba, Don Anselmo Ferrada, jikoni.

"Buti za yule sikuziosha, na zimeingia mtoni. Kosa ni langu."

Don Anselmo aliweka kikombe chini. "Edelmira, hata kesho usingeweza kuniambia?"

"Kesho wangeingia tena."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Don Anselmo alifunga sehemu ile ya mto, akawaarifu majirani walio chini zaidi, akapeleka maji kupimwa. Wageni wawili waliondoka kwa hasira. Majibu ya kwanza yalichukua siku tisa: hakuna mwani. Lakini mwani mchanga hujificha, ikabidi kupima tena na kusubiri wiki tatu nyingine.

Edelmira alifungasha nguo zake, begi akaliweka nyuma ya mlango. "Wakiukuta, sisubiri kufukuzwa. Naenda kwa dada yangu kisiwani Chiloé, nikazeeke na aibu yangu huko."

Baldo naye alikonda. "Mkono uliozitungua zile buti ni huu hapa," anasema. "Sikuuliza. Mama kabeba lawama zote, mimi kanikingia kifua."

Jana saa nane mchana Don Anselmo aliingia chumba cha buti, karatasi mkononi.

"Wamepima sehemu tatu. Mto ni mzima, Edelmira. Haya, kafungue lile begi."

Edelmira aliketi palepale sakafuni kwenye maji, sketi na yote, akalia mpaka akaanza kucheka. Baldo alimwinua, wakaanguka wote wawili. Jioni mwanakondoo mzima akabanikwa kwenye chuma kilichosimamishwa mbele ya moto, na hata mimi, niliyekwenda kuuliza maswali, nilikula mpaka nikashindwa kuandika. Jamani, raha ya habari njema!

Sasa anasubiri Aprili, msimu ukiisha. Baldo ameahidi kumwazima suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani.

"Miaka yote hii naulinda mto, na sijawahi kuingiza hata kidole cha mguu," anasema Edelmira.

Namuuliza kama atavua.

"Nivue nini, mwanangu? Nataka nisimame katikati tu, niusikie unavyopita."