Nikisema nimeachika, nikinyamaza mama mkwe yumo ndani ya gari linalovutwa

Admin, jina langu libaki kwako. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Muomani, wazee wangu wametoka Unguja. Naishi Al Amerat na mume wangu, binti yetu wa miaka saba na mama mkwe. Nna siku tatu tu, hadi Ijumaa, kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Mwaka jana mume wangu alinunua karavani, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Baridi ikiingia tu, mara jangwani, mara milimani. Na kwa kuwa karavani haliingii kila pahala, huku nyuma analivuta gari langu dogo, matairi yote manne chini, injini imezimwa, limeshikwa na chuma tu. Chuma hicho amekichomelea mwenyewe uani, kajifunza kwenye simu. Kila mgeni akija hutolewa nje akaoneshwe.

Sasa mama mkwe ni msafi kupita kiasi, na karavani halitaki kwa jambo moja: choo kimepakana na jiko. "Mie nile hapa na choo kipo pale? Hasha," alisema siku ya kwanza, akaenda zake kukaa kiti cha nyuma cha gari dogo na tasbihi yake. Mume hakubishana na mama yake. Toka hapo ndipo pahala pake safari zote, madirisha wazi, anavutwa. Na binti yangu hamwachi bibi yake.

Mwezi uliopita tulikuwa tunateremka mlima wa Al Amerat, mie nimekaa ndani ya karavani, mwisho kabisa, nawatazama dirishani. Gari lao likaanza kwenda kushoto na kulia. Mama akanipigia simu, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mwanangu, mwambie mumeo apunguze, gari hili linacheza." Mume akapunguza, akasema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Wiki iliyopita nikalipeleka gari langu gereji, mtaa wa Ghala, kubadilisha oili. Fundi, Mpakistani mtu mzima, aliinama chini ya bampa, akaniita. Akanionesha ufa pale palipochomelewa. Ukucha wangu uliingia. Na minyororo ya akiba, ile ya kulishika gari chuma kikikatika, haipo. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Humu ndani mnamkalisha mtu?" Nikamwambia kwa haya, mama mkwe, kiti cha nyuma. Akasema chuma kitolewe chote kifungwe kipya, na hata kikiwa kipya, gari linalovutwa halikaliwi na mtu, maana injini ikizimwa breki hazina nguvu, na mama kule nyuma hata hazifikii.

Nilirudi nikamwambia mume kwa adabu, chumbani. Kumbe minyororo kaitoa mwenyewe, ati inampigia kelele. Chuma kipya kinaagizwa nje, na safari ni Ijumaa, ndugu zake wote watatungoja jangwani Sharqiya. "Mafundi wa Ghala wakiona mwanamke peke yake hutafuta la kusema," kasema. Nikamwambia basi nitazungumza na mama akae mbele. Hapo akanigeukia. Mume wangu akiongea polepole ujue kakasirika, na aliongea polepole. "Siku utakayomwambia mama khabari ya chuma hicho, wewe au mtu uliyemtuma, umeachika."

Wanawake wenzangu, talaka mbili zilishatoka. Ni mtu wa ulimi mwepesi. Hii ni ya tatu, na ya tatu mnajua haina kurudi. Zile mbili aliyenirudisha ni huyu huyu mama mkwe, na magoti yake mabovu, akapanda ngazi za kwa kaka zangu kuniombea radhi ambayo haikuwa yake kuiomba. Hakunizaa, lakini mama yangu hayupo tena duniani na sina mwengine.

Nimejaribu. Nilificha ufunguo wa gari, mume akatoa wa akiba. Nikamwambia mama kwamba choo cha karavani nimekisugua na kukifukiza udi, aje akae nami. Akacheka. "Choo ni choo, mwanangu, hata ukikipaka halua." Kisha akanitazama sana. "Kuna kitu wanificha?" Nikasema hapana, mama. Nimemdanganya mtu anayeniombea dua kila sala.

Binti nimeshapanga nitambakisha kwa kaka yangu, nitasema ana homa. Na hili ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba wangu nimemtoa na mama nimemwacha ndani. Najua mtanambia roho ya mtu haina bei, ndoa ipo siku zote. Nami nilikuwa nikiwaambia wengine hivyo hivyo, mpaka ikawa zamu yangu kufungua mdomo, na khofu ikaufunga.

Kuna jambo jengine. Macho ya mama mkwe hayaoni tena maandishi ya simu. Kila siku baada ya sala ya alasiri tunakaa sebuleni na kahawa, nami humsomea visa vya ukurasa huu. Anavipenda mno, na huwajibu watu kwa sauti utadhani wako mbele yake. Kesho atanambia, haya, soma. Admin, ukikiweka hiki, nikamsomea neno kwa neno bila kuongeza langu, nitakuwa nimemwambia? Au nikiruke, nimsomee cha mtu mwengine, na Ijumaa asubuhi nimfungulie mlango wa gari akae? Nishaurini, nifanye nini, na mnishauri kabla ya alasiri ya kesho.