Siku Nne za Mgeni

Nilipokuwa mtoto, kwetu Shinyalu surua haikutajwa jina. Iliitwa mgeni. Mgeni akiingia nyumbani, Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alimwaga majivu mlangoni, akaziba dirisha kwa leso, akakataza kelele. Kisha alikusanya kila sindano iliyokuwa ndani, hata ile ya kushonea vifungo, akaificha kwenye ghala la mahindi. Mgeni akichomwa sindano, alisema, hukasirika. Vipele vinageuka na kuingia ndani ya mwili.

Nilikuwa na miaka minane mgeni alipomjia mdogo wangu Brian. Siku nne alilala gizani akikohoa, mimi nikimlisha uji kwa kijiko. Siku ya tano Mama alichoka kungoja mgeni aondoke mwenyewe, kama Kukhu alivyotaka. Kukhu alipokwenda kuchuma majani chai, Mama alimfunga Brian mgongoni akakimbia naye zahanati. Huko Brian alidungwa sindano, wakaambiwa mapafu yameshaharibika, wawahi hospitali kubwa mjini. Brian hakufika.

Matangani Kukhu alimwambia Mama mbele ya watu, "Si niliwaambia?" Mama hakujibu. Miaka mingi imepita na bado hajajibu.

Nikakua, nikawa wa midahalo chuoni, yule msichana asiyeachia hoja. Ugonjwa mpya ulipofunga vyuo na makanisa, halafu vikafunguliwa na chanjo ikaja, niliitetea mdahaloni na nikashinda. Mwenzangu wa upande wangu alisema watu wa mashambani wanakataa chanjo kwa ujinga, na ukumbi ukacheka. Nilimkasirikia yeye kuliko wapinzani. Lakini kuna jambo sikulisema jukwaani: mimi mwenyewe nilikuwa sijadungwa. Mara mbili nilipanga foleni, mara mbili nikatoka. Kila nilipoona sindano nilisikia ile sauti ya matangani.

Nikaenda nyumbani. Kukhu alikuwa na presha na sukari, na kijijini tulikuwa tumezika wazee watatu wa rika lake. Nikamtolea hoja zangu zote huku akiambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na wewe, umedungwa?"

"Bado, Kukhu."

"Kumbe." Akapeta maharagwe yake. "Unataka mimi mzee ndio nionje kwanza."

Kesho yake nilienda zahanati peke yangu, nikakunja mkono wa blauzi, nikatazama ukutani. Nilirudi na homa na mkono mzito. Kukhu alinitandikia kitanda, akamwaga majivu mlangoni. Nilimsikia akipekua kopo la vifungo, kisha mlango wa ghala ukalia.

"Tungoje siku nne," alisema. "Mimi huwa ninangojanga."

Nilitaka kubishana, nikachoka kabla sijaanza. Homa ilishuka siku ya pili. Alizihesabu zote nne hata hivyo, akija kunishika paji la uso kila asubuhi.

Siku ya tano alivaa gauni la kanisani. Tulitembea polepole, tukipumzika mara tatu, mpaka zahanati. Muuguzi alituambia chanjo zimeisha juzi. Labda wiki ijayo. Nilifoka pale kama niko mdahaloni. Kukhu alinivuta mkono.

Njiani aliketi kwenye jiwe kando ya shamba la chai. Akasema bila kunitazama, "Leo wamechelewesha wao. Safari ya Brian nilichelewesha mimi."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumwambia hayo: kwamba zilizomuua ni zile siku nne, kwamba sindano ilipata lawama kwa sababu ilikuja mwishoni. Kumbe alikuwa anayajua. Alikuwa amekaa nayo peke yake, na bado aliogopa.

Tulirudi wiki mbili baadaye, akadungwa. Hakuna aliyepiga makofi. Jioni alinituma ghalani nilete sindano, akashona kifungo cha blauzi yangu.

Siku hizi nikisikia watu wakiitwa wajinga, ninachoka zaidi kuliko ninavyokasirika. Hoja zangu zilikuwa sahihi. Ila Kukhu hakuwa akingoja hoja. Alikuwa akingoja kuona kama nitaamka siku ya tano. Ninachomngojea mimi ni siku atakayomwambia Mama yale aliyoniambia pale kwenye jiwe.