Asilimia za Binti Yangu

Nilifika Guangzhou, Uchina, kwa kuzunguka. Nilitoka Babati baada ya kidato cha nne, nikamwambia mama naenda Arusha wiki mbili tu. Arusha ikanisogeza Namanga, Namanga ikanipeleka Nairobi, kisha nikageuka kusini hadi Tunduma, nikauza simu pale mpakani, nikavuka hadi Lusaka. Huko Lusaka mtu mmoja akaniambia simu zile zile ukizifuata zinakotoka zina bei nyingine kabisa. Basi nikarudi Dar, nikapanda ndege ya Addis, kutoka Addis nyingine, na abiria jirani yangu alilala safari nzima, kwa hiyo nikala chakula chake na changu. Niliposhuka, joto la Guangzhou lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nikasema, hapa miezi sita inatosha.

Nilikaa miaka mingi kuliko kwenye mji wowote niliowahi kupanga chumba, na sababu ni binti yangu. Mama yake nilimwacha Arusha, ana duka la nguo huko, na alinitumia mtoto akiwa amemaliza la saba, akisema labda wewe ukiwa na mtu wa kumpikia utatulia. Nikatulia. Tulimpatia nafasi kwenye shule ndogo ya kimataifa, na mimi nikaendelea na kazi yangu ya kupeleka wafanyabiashara sokoni. Asubuhi nawachukua hotelini, nawapeleka Shahe kwenye nguo za jumla, nawatafsiria kwa Kichina changu cha kuokoteza, jioni tunarudi jengo la Tianxiu kwenye chumba cha ofisi nilichochangia na wakala wa mizigo, mtu wa Mbeya. Kila mvua ikinyesha nilikumbuka Babati, harufu ya udongo mlima Kwaraa ukiwa umevaa wingu. Nilikuwa nasema tutarudi akimaliza shule. Nilisema hivyo kila mwaka, na hakuna aliyenisikiliza.

Mwaka wake wa mwisho, mwezi wa kumi, tulikuwa tunakula wali na maharage nyumbani akaniambia, "Baba, nataka kuomba mapema."

"Kuomba nini?"

"Chuo."

Akanieleza. Kuna chuo Marekani kinachochukua wachache sana kati ya wanaokiomba, na wale ambao mifuko yao ni kama yangu kinawasaidia ada. Wengi wanaomba mwezi wa kwanza. Lakini ukitaka, unaomba mwezi wa kumi na moja, unajibiwa mwezi wa kumi na mbili, na nafasi yako inakuwa nzuri kidogo.

"Kwa nini inakuwa nzuri?"

"Kwa sababu wanajua unawataka wao."

Nilielewa palepale, au nilidhani nimeelewa, kwa kuwa lilikuwa jambo letu. Wachina wakikaribia mwaka wao mpya viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi makwao, na kila mwenye mzigo anataka uwe melini kabla. Anayewahi anapata nafasi. Na mtu mzoefu hashiki nafasi kwa wakala mmoja. Anashika kwa wawili, anangoja kuona nani atamletea kontena bandarini Nansha kwanza, halafu yule mwingine anamwambia samahani ndugu yangu. Hakuna anayenuna, maana mawakala nao wanauza nafasi nyingi kuliko walizonazo.

Nilipomweleza mwenzangu wa Mbeya, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Aisee, mapema? Huyo ameshapakiwa. Mimi nampa sitini kwa mia. Mwombee viwili, ziwe mia na ishirini."

Siku ya wazazi shuleni nilivaa shati jeupe. Mshauri wa mambo ya vyuo alikuwa mama mmoja wa Kichina mwenye sauti ya chini, anayeandika huku anakusikiliza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba tumepanga vizuri. Tunaomba mapema vyuo viwili, kitakachojibu kwanza ndicho hicho.

Akaacha kuandika. Akamtazama binti yangu, si mimi. Akasema yeye hawezi kuweka sahihi kwa mwanafunzi anayejiandaa kuvunja neno lake, kwamba vyuo hivyo huambiana, na vikigundua vyote viwili vitamtupa. Bila sahihi yake hakuna maombi ya mapema. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mlango ufungwe.

Tulirudi kwa treni. Tulipotoka juu kituo cha Xiaobei, katikati ya watu na mikokoteni ya maboksi, akasimama.

"Baba, ukiwa Shahe, ukaandika bei kwenye kalkuleta, laobani mwenye duka akasema sawa, unafanya nini?"

"Nalipa."

"Na ukiondoka?"

Yeye mwenyewe alikuwepo siku moja ya Jumamosi mteja wangu alipofanya hivyo. Aliandika bei ya kutania kwenye suruali za jinzi, muuzaji akakubali, mteja akacheka akaondoka. Laobani yule alitufuata hadi kwenye ngazi akipiga kelele, na mstari mzima wa maduka ukatuambia meiyou, hakuna, huku suruali zimerundikana hadi darini. Pale sokoni unaweza kulia, kulalamika, kujifanya unaondoka mara tatu. Lakini ukishataja bei yako nao wakasema sawa, umenunua.

"Sasa kuomba mapema ndiyo hivyo," akasema. "Mimi nataja bei. Wakisema sawa, nimenunua. Si kontena, Baba."

"Ungeniambia toka mwanzo."

"Nilikwambia. Ulikuwa umeshaanza kucheka na yule wa Mbeya."

Jumatatu niliwaacha wateja wangu wakinywa chai hotelini nikarudi shuleni peke yangu. Nilimweleza mshauri habari ya mawakala wawili na meli, nikamchorea na picha ya kontena kwenye karatasi yake. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema sasa anaelewa, na kwamba binti alikuwa ameshamwandikia jana yake akisema kosa ni la baba. Kisha akaacha kucheka akaniuliza kitu kimoja. Wakimkubali, je, mimi nitakubali aende? Kwa kuwa mahali pa tatu pa sahihi palikuwa pangu.

Ni swali jepesi, lakini nilikaa na ile kalamu. Nilikuwa sijawahi kufikiria upande wangu. Mtoto akiondoka, mimi Guangzhou nabaki na nani, na kwa nini? Miji yote niliyopita niliiacha bila kuulizwa na mtu. Huu ndio wa kwanza niliotakiwa kuuacha kwa maandishi. Nikatia sahihi.

Baada ya hapo, kukisia nafasi yake kukawa mchezo wa ghorofa nzima. Mama mmoja wa Mombasa, mteja wangu wa madera na nguo za watoto, alikuwa na kawaida ya kuigeuza nguo ndani nje kabla ya kuuliza bei. Binti alipokuja ofisini kumsalimia, alimshika bega akamgeuza vivyo hivyo, mbele na nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tukuone. Maksi za darasani si ndo mauwa ya mbele hayo? Kila mtu anayo. Niambie ndani kuna nini."

"Niliandika insha, mama. Habari za kutafsiri Shahe siku za Jumamosi."

"Kuhusu sisi? Umesema nabana pesa?"

"Nimesema unajua mshono."

"Wallahi, sabini kwa mia," akasema mama yule, akanigeukia. "Na wewe kaka, mbona umenuna kama ushuru umepanda?"

Mwenzangu wa Mbeya akabaki kwenye sitini. Mama wa binti, kutoka Arusha, alisema kwenye simu kwamba yeye hakisii, anafunga. Nilipomuuliza binti mwenyewe, alifikiri sana. "Thelathini, Baba. Na hapo nimejipendelea." Yeye ndiye aliyekuwa amesoma habari zao, amehesabu waliochukuliwa, na bado akalala vizuri. Mimi niliyeambiwa sabini ndiye niliyekuwa nazunguka jikoni. Kila mtu akipandisha namba nilifurahi, halafu nikaanza kuhesabu miezi iliyobaki. Nilikuwa naomba apate, na sikuwa na haraka apate.

Jibu lilikuja saa mbili asubuhi, kwa kuwa kwao ilikuwa jioni. Nilitakiwa niwe njiani kwenda Nansha kuangalia kontena likifungwa. Nikabaki nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Akafungua kompyuta, akasoma, akasoma tena kama mtu anayehakikisha rangi ya kitambaa kwenye mwanga.

"Wamesema sawa," akasema.

Nilimkumbatia na kiatu kimoja bado mkononi. Nilipompigia mwenzangu wa Mbeya, akapiga kelele kwamba yeye alisema, alisema toka mwanzo! Nikamwambia ulisema sitini. "Sasa sitini si zaidi ya nusu, ndugu yangu?"

Mwezi wa nane tuliondoka siku moja. Ofisi nilimwachia mwenzangu, pamoja na feni na wateja, hata mama wa Mombasa, aliyeniambia ananisamehe lakini si sana. Ndege ya binti ilitangulia. Pale pa kupimia mizigo begi lake lilizidi uzito, akapiga magoti akaanza kulipunguza mbele ya watu, akinipa kimoja kimoja: kamusi, pasi ya nguo, unga wa ugali aliotumiwa na mama yake. Unga akaurudisha ndani. Kisha akanikumbatia, akanilowesha shati, akasema, "Baba, ukifika piga." Akapita na foleni, akaishia kwenye kona.

Ndani ya ndege yangu nilikaa na dada mmoja wa Dodoma aliyekuwa anarudi kutoka safari yake ya kwanza. Alikuwa amenunua viatu vya watoto kwa bei mbaya. Nikamweleza jengo la kwenda, ghorofa, laobani gani ana hasira lakini si mwizi, hoteli ipi ina jiko. Nilizungumza hadi mhudumu akaja kukagua mikanda. Dada akafurahi sana.

"Basi mwezi wa kumi na moja narudi," akasema. "Nakukuta wapi, kaka?"

"Hunikuti. Mimi nimehama."

Akanitazama kama nimemtapeli. "Umehamia wapi?"

"Babati," nikasema. "Kwanza Babati." Na ndege ikaanza kurudi nyuma.