Kioo cha Taa Kilikuwa Baridi

Nianze na lile linalonichoma, nisije nikalizungukazunguka. Baba yangu alikuwa anapofuka, na mimi binti yake, fundi umeme wa magari hapa Morogoro mjini, nilikuwa namtengenezea taa ya pikipiki. Karibu mwaka mzima. Kila alipolalamika nilimwahidi taa bora zaidi, na kila nilichofunga kilikuwa bora zaidi kweli.

Pikipiki yenyewe ni ya Kiingereza, imenizidi umri kwa mbali, silinda moja, nembo ya kwenye tangi imefutika kwa magoti ya watu wawili. Wa kwanza alikuwa bruda wa misheni kule juu milimani, upande wa Mgeta. Alipozeeka akarudishwa kwao, akamwachia baba, ambaye alikuwa katekista. Baba akaipanda miaka yote hiyo kutoka kigango hadi kigango, kufundisha watoto, kuzika, kuongoza sala pale padri asipofika. Wenye mashamba ya kabichi kandokando ya njia waliisikia kabla hawajaiona, maana ukungu wa kule ukishuka unaweza kupishana na ndugu yako usimjue, hata saa nne asubuhi. Kwa hiyo taa kwa baba haikuwa pambo. Bila taa hakuna safari ya kigangoni.

Umeme nilifundishwa na yeye, kwenye pikipiki hiyohiyo, nikiwa darasa la tano. "Hii imeumbwa kinyume, mama," aliniambia. Baba huniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Pikipiki za siku hizi waya wa hasi ndio unafungwa kwenye bodi. Hii, chanya ndiyo inafungwa kwenye bodi. Ukisahau utaunguza." Nikashika. Leo wateja wakifika gereji wananiuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao na bisibisi mkononi. Ninavyowajibu nimerithi kwa mama. Ufundi ni wa baba.

Mwaka juzi, Pasaka ikiwa imepita tu, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Hii taa imechoka. Haimuliki pembeni." Alikuwa nusura aingie mtaroni kwenye kona, na siku chache kabla ya hapo alikuwa ameligonga tenga la karoti la mama mmoja lililokuwa kando ya njia, akatukanwa mbele ya watu aliowafundisha komunyo. Nilisikia uchungu kwa ajili yake, lakini neno lile, pembeni, nililisikia kwa masikio ya fundi. Nikajisemea sahani ya taa imeingia kutu.

Jumamosi nikapanda milimani. Nilifungua taa, na kweli, ile sahani ya ndani inayorudisha mwanga ilikuwa imebanduka rangi yake ya fedha. Nikashuka nayo mjini ikapakwa upya, nikabadilisha nyaya zote zilizokuwa bado zimevikwa nguo, nikarudi kufunga. Tukailenga kwa utaratibu wake: pikipiki inasimamishwa hatua ishirini kutoka ukuta wa jiko, ukutani pana msalaba wa mkaa alioweka mwenyewe, na mwanga unatakiwa upige chini kidogo ya msalaba. Akasimama nyuma ya usukani akatazama sana, akasema imekaa. Kisha akaenda mbele akaweka kiganja kwenye kioo. Hiyo ilikuwa kawaida yake. Balbu ya zamani hupasha kioo moto, na yeye alidai kwamba mkono ndio unaokwambia kama umeme unafika sawasawa au unafika kwa uvivu.

Miezi miwili haikupita, akanipigia tena. Pembeni bado. Nikamtania, "Baba, unataka taa ya uwanja wa mpira?" Akacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile ningependa nirudishiwe.

Nikaamua kufanya kazi ya kumaliza. Niondoe mfumo wa volti sita niweke wa kumi na mbili: dainamo isukwe upya, regulata mpya, betri mpya, na mwisho balbu ya LED, ambayo mwanga wake mweupe unaweza kuhesabu nao majani ya njegere. Nilimweleza kwa simu nikiwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akasema, "Basi nitatembea kwa miguu. Nitapanda taa ikikaa sawa." Nikaona baba yangu ana busara.

Mama naye aliniambia mambo, na niliyapokea kama maneno ya mama. Kwamba mzee siku hizi anagonga bega mlangoni. Kwamba anamimina chai nje ya kikombe. "Uzee huo, na wewe utaufikia," alisema. Jumapili alisimama kusoma masomo bila kukosea hata neno moja, nani angedhani? Alikuwa amebeba kichwani masomo ya miaka arobaini. Kitabu alikishika tu.

Balbu ilipofika kutoka Dar niliifunga kwa haraka, gari la mteja linanisubiri mjini. Nikapeleka hasi kwenye bodi. Mimi, niliyeambiwa darasa la tano! Nilikuwa nimeshagusa magari elfu yaliyofungwa hivyo, mkono ukaenda wenyewe. Iliungua bila hata moshi. Nikamlaani aliyeitengeneza, nikamlaani aliyeniuzia, nikailaani hata mvua. Baba sikumwambia, niliona aibu. Nikaagiza nyingine, na kwa kuwa ilikuwa ya aina isiyoingia nchini kila siku, ilichukua miezi miwili mingine kufika. Miezi miwili hiyo naijua siku kwa siku.

Siku niliyomaliza ilikuwa jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Niliisimamisha pikipiki hatua ishirini, nikawasha, na ukuta mzima ukang'aa, msalaba wa mkaa ukaonekana mpaka nyufa zake, na pembeni, ndiyo, pembeni kote, mgomba wa kushoto na banda la mbuzi la kulia. Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia, nikataka aseme mwenyewe.

Baba akapita mbele ya pikipiki, akipapasa usukani kwanza. Akasimama mwanga ukimpiga usoni. Hakukunja uso. Macho yalikuwa wazi kabisa, yametulia, na mimi mjinga bado nikidhani ananistaajabia. Akainama, akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo. Taa ya LED haipashi kioo.

"Washa basi, mama," alisema.

Kabla sijafungua mdomo, mama akatokea mlangoni pa jiko, mkono umefunika uso. "Zimeni hilo litaa lenu, mnatutoboa macho!"

Baba akageuza kichwa upande wa sauti, kisha akakirudisha kwangu. Mkono bado uko kwenye kioo.

"Kumbe imewaka," alisema.

Mama alishusha mkono. Alikuwa anajua baba haoni vizuri, hakujua kwamba haoni kabisa. Wiki zile za mwisho baba alikuwa amejifunza nyumba yake kwa vidole, na nyumba ya miaka arobaini inafundishika. Nilizima taa. Sijui kwa nini nilikimbilia kuzima, kama vile kuwaka kwake ndiko kulikomdhuru. Mama akamshika mkono, akamwingiza ndani kwa hatua ndogondogo, na mimi nikabaki uwanjani nakusanya spana moja moja.

Kesho yake nilimshusha mjini hospitali. Daktari alimchungulia muda mrefu, akanieleza mimi badala yake, nikachukia, nikamwambia aongee na mzee, anasikia. Ni presha ya macho, alisema, na mshipa umeshakufa. Jicho la kushoto lilikuwa limeondoka siku nyingi. La kulia lingeweza kushikiliwa kwa dawa ya matone kama tungewahi, hata kama tungekuja miezi miwili nyuma. "Ugonjwa huu una ujanja," akasema. "Huanza kula pembeni. Mtu anaona mbele tu, kama anachungulia kwenye bomba."

Pembeni. Nilitoka nje nikasimama karibu na geti, nikalia bila kujali nani ananitazama.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakusema. Tulikuwa kiti cha nyuma, nimemshika mkono, na gari lilikuwa limeanza kupanda kona.

"Mwanzoni nilidhani ni taa," alisema. "Kweli kabisa. Halafu nikajua si taa, nikaogopa. Nikasema ngoja amalize, labda nitaona." Gari likakata kona mbili. "Na wewe ulikuwa unaitengeneza kwa furaha sana, mama."

Wakati mwingine nafikiri ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Ningemjibu, tungegombana, mama angetuamua. Sasa nimebaki nagombana na nafsi yangu gerejini, chini ya maboneti ya watu, na mteja akija kusema taa yake haioneshi vizuri namuuliza kwanza ana miaka mingapi na amepima macho lini. Wengine wanaondoka wamekasirika. Waende.

LED nimeing'oa. Nimerudisha betri ya volti sita na balbu ya zamani, ile yenye mwanga wa rangi ya chai ya rangi, na chanya nimeifunga kwenye bodi kama nilivyofundishwa. Pikipiki haiendi popote. Vigango sasa vina katekista mwingine, kijana, mwenye pikipiki ya Kichina. Lakini Jumamosi nikipanda kuwasalimia, giza likianza kuingia baba hutoka akishika ukuta, na mimi naitoa pikipiki hatua ishirini kutoka jikoni.

Nawasha. Anaweka kiganja kwenye kioo, na tunasubiri, maana balbu ile ina uvivu wake.

"Imewaka," anasema, kikishapata moto.

"Imewaka, baba."

"Na pembeni?"

Natazama ukuta. Mwanga unafika kwenye msalaba wa mkaa kwa shida, na mgomba na banda la mbuzi vyote viko gizani.

"Na pembeni, baba," namwambia, na yeye anaacha mkono palepale kwenye kioo.